Sarafu za Mchina Katika Kibuyu cha Mursik

Mlinitumia jumbe nyingi wiki hii, na karibu zote zilikuwa na swali moja: Mama Chirchir, zile sarafu ulizificha wapi?

Leo nawaambia. Nikimaliza, wengine wenu mtaacha kunisoma. Sitawalaumu.

Kwa wewe unayenikuta leo mara ya kwanza, nitafupisha. Naitwa Chepngeno. Nina binti wa mwaka mmoja na nusu, Chirchir. Tunaishi juu kidogo ya Roret na mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Kogo, yaani nyanya. Mume wangu Weldon yuko kazini mbali. Asubuhi nachuna majani chai, jioni naenda ngumbaru, masomo ya watu wazima, kwa sababu nataka kufanya mtihani wa kidato cha nne kabla binti yangu hajavaa yunifomu.

Juu ya chai yetu kuna moja ya yale mashimo ya kale, mviringo, kubwa kama boma la ng'ombe. Wazee husema yalichimbwa na Wasirikwa, watu waliokuwa hapa kabla yetu. Nilikuwa nachimba mtaro wa maji ukingoni mwake jembe likagonga chuma. Sarafu tisa. Za kijani kwa kutu, kila moja ina tundu la mraba katikati na maandishi ya Kichina.

Mwalimu wangu wa ngumbaru, Mwalimu Sagini, alizipiga picha akamtumia mtaalamu wa vitu vya kale, Daktari Obure. Jibu lilikuja kwa haraka: "Nakuja Alhamisi. Zisioshwe. Zisisuguliwe. Zikae mahali pakavu."

Kogo yeye alisema jambo moja tu. "Vitu vya watu waliokufa haviingii nyumba yenye mtoto anayenyonya. Rudisha ulikotoa."

Halafu mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Kapsoit akaja mara mbili kuziulizia. Mara ya pili hakupiga hodi.

Niliwaacha hapo: Jumamosi, nimesimama jikoni, sarafu ziko kwenye leso, natafuta pa kuziweka.

Sasa sikilizeni.

Jikoni kwetu kuna vibuyu vitatu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Kile kidogo kilikuwa kitupu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekitayarisha vile tunavyofanya kabla ya kutia maziwa: unachoma kijiti cha mti wa senetwet, unakisugua ndani ya kibuyu mpaka kibuyu kinakuwa cheusi na kinanukia moshi mtamu.

Nikakumbuka somo la sayansi. Mkaa hunyonya unyevu. Mwalimu alituchorea ubaoni, na mimi ndiye niliyejibu swali, darasa likanipigia makofi.

Nikajiambia, mahali pakavu kushinda hapa ni wapi? Na ni mwanamume gani atafungua kibuyu cha mwanamke? Hata mwizi ana aibu.

Nikazitia moja moja. Nikafunga kifuniko. Nikakitundika nyuma ya vingine.

Nilijiona msomi.

Jumanne Chirchir alitapika.

"Ni meno," nikasema.

"Si meno," Kogo akasema, akachukua ndoo akaenda kukamua.

Jumatano alitapika tena. Alikuwa akidondosha mate mpaka kifua cha sweta kikalowa. Akakataa ugali, akakataa ndizi, na mchana akalala katikati ya mchezo, kijiko bado kiko mkononi. Nilimpapasa paji la uso. Halikuwa moto. Lilikuwa baridi na lenye jasho, na hilo lilinitisha kuliko homa.

"Leo siendi ngumbaru," nikamwambia Kogo.

"Nenda. Mtihani hautakungoja. Nitampa dawa."

"Dawa gani?"

"Dawa ya nyumba."

Ningeuliza tena. Mama mwingine angeuliza tena. Lakini jioni hiyo tulikuwa na marudio ya hesabu, na nilikuwa nimesoma wiki mbili nikilenga jioni hiyo.

Nilienda.

Alhamisi saa nne asubuhi gari la Daktari Obure likasimama kwenye lango. Ni mtu mrefu sana, wa suruali iliyoishia juu ya soksi. Mwalimu Sagini alitangulia, mfupi, mwenye furaha kama bwana harusi.

"Chamgei!" Daktari akaamkia. Alikuwa amefundishwa njiani.

"Chamgei mising!" Kogo akacheka. "Mwalimu, huyu umemtoa wapi? Ataingiaje mlango wangu?"

"Atainama, Kogo."

"Aa, kuinama ni heshima. Wewe sijawahi kukuona ukiinama kwangu."

"Mimi Mungu aliniinamisha kabisa, Kogo. Nimalizie nini?"

Walicheka wote. Mimi nilikuwa chumbani nambadilisha Chirchir, ametapika mara ya tatu tangu kupambazuke. Matapishi yalikuwa na rangi ya kibuluu. Nilijiambia ni mkaa wa mursik, maana mursik yetu huwa na rangi ya majivu, buluu kidogo, na mtoto wa huku huinywa kabla hajajua kusema mama.

Nikasikia Kogo akiwakaribisha viti. Nikasikia vikombe. Halafu nikasikia akitikisa kibuyu, vile kinavyotikiswa kabla ya kumimina.

Maziwa hayalii hivyo.

Yalilia kama kengele iliyofungwa kwenye nguo.

Sikumbuki kutoka chumbani. Nakumbuka kikombe kikiwa midomoni mwa Daktari, na mkono wangu ukikipiga. Maziwa yakamwagika kwenye shati lake, kwenye kiti, kwenye kitambaa ambacho Kogo hukitoa wageni wakija tu.

Kwetu unaweza kumtukana mgeni, na mgeni akakusamehe. Kumwaga maziwa aliyopewa, hapana.

"Chepngeno," Kogo akasema.

Tangu nizae hajawahi kuniita kwa jina langu. Mimi ni Mama Chirchir.

"Kuna sarafu ndani," nikasema.

Mwalimu Sagini alikiweka kikombe chake chini taratibu. Kilikuwa bado kitupu. Kogo alikuwa ameanza na mgeni.

Tulimimina kibuyu kwenye beseni. Sarafu zilitoka na mabonge ya maziwa. Hazikuwa za kijani tena. Zilikuwa za manjano na nyekundu, safi, zinang'aa kama zimetengenezwa juzi.

Daktari alipiga magoti kando ya beseni. Shati lake lilikuwa likichuruzika na hakulitazama.

"Niliwaambia zisioshwe."

"Sikuziosha, Daktari. Nilizificha. Kibuyu kilikuwa kikavu, kina mkaa tu."

"Maziwa makali yameziosha. Ule ukijani ulikuwa ushahidi, mama. Ulikuwa unatuambia zimelala kwenye udongo gani, na kwa muda gani. Sasa mtu yeyote atasema mmezinunua sokoni."

Hata hivyo alizipanga kwenye leso yake, na mikono yake ikawa na upole. "Unaanza juu," akasema, kama mtu anayejituliza. "Unashuka chini. Halafu kulia, halafu kushoto. Juu na chini ni jina la enzi ya mfalme. Kulia na kushoto ni maneno yanayosema tu kwamba hii ni pesa. Ukigeuza, huku nyuma kuna maandishi mengine, ya Kimanchu. Ukiyaona hayo unajua haizidi miaka mia tatu na kitu."

Naungama: hata wakati ule nilitaka kujua. Niliinama nikasoma pamoja naye, juu, chini, kulia, kushoto, mtoto wangu akilia chumbani.

Halafu swali likanijia kutoka pale pale darasani.

"Daktari. Ukijani wenyewe umeenda wapi?"

Alitazama beseni.

"Kwenye maziwa," akasema. "Ni shaba. Imeyeyuka." Akainua kichwa. "Kuna mtu ameyanywa?"

Kogo alikuwa akifunga leso yake kichwani upya, ingawa haikuwa imefunguka.

"Mtoto," akasema.

Nilimkimbilia Chirchir. Nilipotoka naye mgongoni, Mwalimu Sagini alikuwa akihesabu kwa kidole juu ya leso.

"Nane," akasema. "Daktari, zilikuwa tisa. Nilizipiga picha mwenyewe."

Daktari alipapasa beseni mpaka kwenye kiwiko. Hakuna. Akakitikisa kibuyu, kimya. Kogo akamnyang'anya, akatoka nje, akakipiga kwenye jiwe la kusagia. Ni kibuyu alichokuja nacho siku ya ndoa yake. Kilipasuka vipande vitatu, na ndani hamkuwa na kitu ila weusi.

Sote tukamtazama Chirchir, na mate yanayomdondoka.

Daktari ndiye aliyeendesha gari. Kogo alikaa nyuma nami. Barabara ilikuwa ya utelezi, na pande zote ni chai, chai tambarare ya kijani, na leo rangi hiyo ilinikera macho.

"Ulimpa tangu lini?" nikamuuliza.

"Jumatatu jioni. Kile kikombe chake kidogo."

"Maziwa ya siku moja tu?"

"Niliyatia Jumapili, hayakuwa yameiva. Hayakuwa ya kushiba, yalikuwa dawa."

"Kogo, hukuzisikia zikilia humo ndani?"

Tulikuwa tukipita kituo cha majani, wanawake wamesimama foleni na vikapu vyao.

"Nilizisikia," akasema. "Nilijua ziko mle tangu Jumamosi. Nani anayefagia jiko lile? Nani anayejua uzito wa vibuyu vyangu?"

"Na ukatia maziwa juu yake!"

"Kuzipoesha." Sauti yake haikupanda. "Maziwa ndiyo yanapoesha. Tukigombana tunamwaga maziwa, tukiapa tunatema maziwa. Umemletea mtoto wangu vitu vya wafu, na nikikuambia urudishe, unanitazama kama mtu asiyejua kusoma. Ningefanya nini, Mama Chirchir? Ningekaa?"

"Lakini kumpa mtoto!"

"Ili zimjue, kama nilivyotaka zimjue na mgeni aliyezifuata. Kitu kikikujua, hakikudhuru."

"Aki Kogo," Mwalimu Sagini akasema kutoka mbele.

Ningemchukia kama angekuwa mbaya. Lakini alikuwa ameshika mguu mmoja wa Chirchir, ameufunika kwa kiganja ili usipigwe na baridi.

Hospitalini walitupokea mara moja. Nesi mmoja, Jecinta, mama wa makamo mwenye sauti ya mtu wa Nyeri, alimpima mtoto, akamsikiliza, akatupeleka moja kwa moja kwenye eksirei.

Mlangoni akanizuia kwa kiwiko.

"Mama, nauliza kila mwanamke hapa. Una mimba?"

Kogo alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Nilisogea karibu na sikio la nesi.

"Miezi miwili," nikanong'ona. "Hata baba yao sijamwambia. Nilitaka kumwambia akija nyumbani, nimwone uso."

"Basi huingii. Nyanya, wewe njoo umshike mtoto."

Kogo aliniangalia. "Kwa nini yeye hamshiki mtoto wake?"

"Ni utaratibu wetu," Jecinta akasema, akamvalisha aproni nzito iliyomshusha mabega. "Vumilia. Ina madini ya risasi ndani, inazuia ile miale isikuingie."

"Risasi ya bunduki?"

"Hapana, nyanya. Yale madini laini yaliyo kwenye betri ya gari."

Daktari Obure alikuwa ameegemea ukuta. Nilimwona akisimama wima. "Risasi," akasema peke yake. Akamwomba Mwalimu simu yenye zile picha. Akafungua leso yake kwenye benchi na kuanza kulinganisha, sarafu moja, picha moja, sarafu moja, picha moja. Alifika ya nane akarudia tangu mwanzo. Uso wake haukunipendeza.

Picha ya eksirei ilipowekwa kwenye taa, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mbavu nyembamba za mwanangu, na chini yake, tumboni, duara jeupe. Katikati ya duara, tundu la mraba.

Daktari wa zamu alikuwa msichana wa rika langu, Daktari Charity. Alinishika bega. "Mama, tulia. Watoto humeza sarafu kila wiki. Ikishafika tumboni, mara nyingi tunangoja tu, inatoka yenyewe kwa choo. Na maziwa yale ameyatapika, hiyo ni heri. Hii sarafu ni ya shaba?"

Nilianza kupumua. Nilishukuru kwa lugha zote mbili.

"Hizi nane ni shaba," Daktari Obure akasema. "Shaba na zinki. Nane zote zina Kimanchu nyuma. Hiyo iliyo tumboni ndiyo tofauti."

Alitoa simu. "Tazama picha hii. Hizi nyingine zinasomwa juu, chini, kulia, kushoto. Hii maandishi yake yanazunguka tundu, juu, kulia, chini, kushoto. Na nyuma yake ni tupu, haina neno. Ndiyo iliyonitoa nyumbani kwangu. Ni ya enzi ya zamani zaidi, karibu miaka mia tisa."

"Sijakuuliza umri wake."

"Najua, Daktari. Nakuambia kwa sababu enzi hiyo hawakutumia shaba tupu. Walichanganya na risasi. Wakati mwingine robo nzima ya sarafu."

Daktari Charity aliacha kuandika.

"Una hakika?"

"Natamani nisingekuwa nayo."

"Basi hatungoji." Alisema hivyo kwa utulivu, na utulivu wake ukanipasua. "Mama Chirchir, nisikilize vizuri. Tumbo lina asidi kali kuliko maziwa yenu. Kila saa inayokaa mle, risasi inaingia kwenye damu. Lazima itolewe leo, kwa mrija unaopitia mdomoni, na chombo hicho hapa hatuna. Naita ambulensi iwapeleke hospitali ya rufaa. Tutachukua damu yake sasa hivi. Mmewahi, umenisikia? Mmewahi."

Nililishika neno hilo. Mmewahi. Bado nalishika ninapoandika.

"Ikitolewa," Daktari Obure akasema, "tafadhali, msiitupe."

Sote tulimgeukia.

"Samahani," akasema. Akakusanya leso yake akatoka nje, na kupitia dirishani nikamwona amesimama kando ya gari lake, shati limekauka na doa la kijivu.

Chirchir alilala kifuani mwangu baada ya kudungwa. Alikuwa mwepesi. Nilimwambia kwa sauti ya chini mambo nitakayomnunulia akipona, viatu vyenye taa, kitabu cha picha, na nilimwona mdomo ukichezacheza usingizini kama anayenyonya.

Nje waliita kwamba dereva anajaza mafuta.

Daktari Charity alirudi na fomu. Nesi Jecinta alikuwa naye, kalamu mkononi.

"Jambo la mwisho kabla hamjaondoka. Maziwa yale yalikaa na sarafu zote tisa tangu Jumapili, na ile ya risasi ikiwemo. Ni nani mwingine nyumbani aliyeyanywa?"

"Hakuna," nikajibu. "Wageni hawakuwahi. Kogo hanywi mursik, inamletea kiungulia. Mimi sijakigusa kibuyu kile tangu Jumamosi."

Jecinta akaanza kuandika.

"Amekunywa," Kogo akasema.

Alikuwa ameketi kwenye kona, mikono magotini, namba ya mtoto ya hospitali imeandikwa kwa kalamu nyuma ya kiganja chake kwa sababu hatukuwa na karatasi.

"Nani amekunywa, nyanya?"

"Huyu." Alinielekezea kwa kidevu. "Nilimtilia kwenye uji wake. Kila asubuhi tangu Jumanne. Yeye ndiye aliyezishika kwa mkono, yeye ndiye aliyezileta, kwa hivyo yeye nilimzidishia."

Kalamu ya Jecinta ilisimama.

"Ulimzidishia kiasi gani?"

Kogo aliunganisha viganja vyake viwili, akavipanua kidogo, akavipanua tena, ili aseme ukweli. Akainua macho kuona kama nesi ameelewa.

Jecinta hakuwa akitazama mikono. Kogo akayafuata macho yake, polepole, kupita kichwa cha Chirchir, mpaka kwenye tumbo langu.

Viganja vyake vikabaki hewani.